Bosi wa kalamu nyekundu: "Kwani huyu Mzungu tumemshtaki?"

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Niko kwenye daladala ya Buhongwa naandika nikiwa nimesimama, mkiona makosa mnisamehe. Yule bosi mnamjua. Mwanza nzima inamjua, yule ambaye miwani inaishi kwenye upara, machoni haijawahi kushuka.

Nimemwandikia mteja wa Ubelgiji barua pepe ya minofu ya sangara. Mwisho nikaweka "I look forward to hearing from you", yaani nasubiri jibu lako kwa hamu. Jamaa akaichapa kwenye karatasi, akaizungushia hiyo "hearing" kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka, akasimama katikati ya ofisi: "Hearing ni kesi kusikilizwa. Kwani huyu Mzungu tumemshtaki?"

Tumemshtaki! Mbele ya dereva! Mbele ya mtoto wa fildi ambaye jana nilimfundisha kutumia printa! Mama wa chai kabaki na chupa mkononi, kikombe kinafurika mpaka kwenye sahani. Kicheko kile hata sangara wa chumba cha baridi walikisikia.

Hiyo "to" ni ileile ya "look forward to the meeting". Inataka jina mbele yake, kitenzi kikija lazima kivae -ing. Nimemfungulia kamusi, kasema hiyo ni ya Waingereza, hapa ni ofisini kwake. Nimelazimishwa kuandika "to hear" na kutuma. Chini kuna jina langu, siyo lake! "Kwani huyu Mzungu tumemshtaki?" Nikifumba macho naisikia.

Ngosha_wa_Igoma: Pole mkuu. Kesi imeahirishwa mpaka lini?

Mama_Dagaa: Yaani umelia kwa sababu ya -ing? Rudi ukachape kazi.

Mleta mada: Dada, ungekuwepo usingesema hivyo. Mbele ya mtoto wa fildi!

Kamanga_Feri: Una nafuu wewe. Wa kwangu kila barua lazima iwe na "revert back". Hiyo "re" ya Kilatini tayari ni kurudi, ukiongeza "back" unamrudisha mtu mara mbili mpaka Sengerema. Halafu "revert" kwa maana ya kujibu ni Kiingereza cha India, Mwingereza anaelewa kurudia hali ya zamani.

Sato_Mkavu: Sengerema siku hizi siyo mbali, daraja la Kigongo–Busisi si lipo?

Kamanga_Feri: Daraja lipo, nauli je? Konda wa jana kanikatalia chenji mchana kweupe.

Ngosha_wa_Igoma: Makonda wa Nyegezi ndio wabaya zaidi. Mimi nilishushwa na gunia langu la mchele.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada! Mbelgiji amejibu sasa hivi. Mwisho kaandika "looking forward to hearing from you"!

Mama_Dagaa: Basi naye kawashtaki. Mkuu, hapo kwenu mabondo, yale ya tumboni mwa sangara, kilo mnachukua bei gani? Nina mjomba Ukerewe.

Sato_Mkavu: Hata mimi nataka kujua.