Nimependa baiskeli ukubwani ila naendesha peke yangu, nipateje wenzangu?

Mama Pacha
Wanajamvi, salaam. Naombeni ushauri, hasa wa akina dada mnaoendesha baiskeli, ingawa kaka zetu nao wanakaribishwa.

Nina miaka 46. Baiskeli nimejifunza ukubwani, na sasa naendesha alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kwa miaka mingi kila nilichofanya kilikuwa cha mtu mwingine: mchana wa mwajiri, jioni ya watoto, mwisho wa wiki wa ukoo. Ile saa moja juu ya baiskeli ni yangu. Nikipanda mlima mpaka mapaja yanawaka moto, nikafika juu bila kushuka, siku hiyo nzima hakuna neno la mtu linalonigusa. Nimeipenda kweli, na sitaki kuiacha.

Shida ni upweke. Niliwahi kujiunga na kundi moja, karibu wote wanaume. Kwa maneno walinipokea vizuri, lakini mlima wa kwanza tu wakanitangulia. Walinisubiri juu, ila nilipowafikia wakapanda baiskeli zao wakaondoka. Wao wamepumzika, mimi bado nahema. Sikurudi tena. Ndugu nao wana yao: mtu mzima hovyo, mara baiskeli itaharibu kizazi. Na kuna jambo naona haya kulisema, nikikaa muda mrefu nafa ganzi huku chini.

Nirudi nikakomae na lile kundi? Au nianzishe la wanawake? Na nitaanzaje wakati simjui hata mmoja?

Kaza Buti
Rudi, dada. Ukiendesha na waliokuzidi ndipo unapopanda kiwango. Kitu ambacho pengine hawakukufundisha ni kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako. Kwenye tambarare aliye mbele ndiye anayekata upepo, wewe wa nyuma unaokoa nguvu nyingi mno. Anza na nafasi ya urefu wa baiskeli nzima, ukizoea usogee. Usikodolee tairi lake, angalia mabega yake na barabara iliyo mbele yake. Na usiguse breki ghafla, kuna mtu nyuma yako.

Bibi Gurudumu
Kaka Kaza Buti, hayo ya upepo ni kweli tupu. Lakini mlimani upepo haumsaidii, mwendo ni mdogo, na huko ndiko walikomwacha. Kundi linalomfanya wa mwisho kuwa mtu pekee asiyepumzika halina uwezo wa kumfundisha chochote. Hapo wa kubadilika si yeye.

Mama Pacha, anzisha lako. Nitakwambia tulivyofanya sisi, maana nimeona makundi yakizaliwa na kufa.

Chagua siku moja, saa moja, mahali pamoja pa kukutania, usibadilishe kamwe. Wanawake wengi hawana nafasi ya kupanga upya kila wiki. Wakijua kwamba mpo pale bila kukosa, watapanga maisha yao kuizunguka saa hiyo. Asipotokea mtu, endesha mwenyewe njia ileile. Wiki mbili za kuwa peke yako zisikuvunje moyo. Kuna mtu anakuangalia akipita, bado anajikusanya.

Mwendo aupange aliye taratibu kuliko wote, akae wa pili au wa tatu, asiwe mkiani. Mkiani akae mwenye uzoefu, mwenye pampu na tyubu ya akiba. Mkisimama, saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa anapofika wa mwisho. Kanuni hii moja imetuwekea watu wengi kuliko nyingine zote. Mwenye kasi asione amefungwa: kwenye mlima aende zake mpaka juu, kisha ageuze ashuke kumfuata wa mwisho, wapande tena pamoja. Atapata mazoezi yake mara mbili.

Na mkae baada ya kushuka. Usiwaache watawanyike mara tu mnapofika. Kwetu kuna mjane aliyekuja haongei na mtu. Kwa muda mrefu alikuwa anaendesha tu na kurudi. Siku moja tyubu ya mwenzake ilipasuka, akachuchumaa akaitoa tairi kwa mikono yake mwenyewe, kumbe marehemu mumewe alikuwa fundi. Leo ndiye anayefundisha kila mgeni kubandika kiraka, na ukimkosa siku moja kundi zima linamuulizia. Wengi walifuata mazoezi tu, wakabaki kwa sababu kuna mahali wanahitajika.

Nesi wa Zamu
Nianze na ganzi, na usione haya. Ni ya kawaida kwa maana inawapata wengi, ila si ya kuvumilia. Ni dalili kwamba kiti kinabana mishipa ya damu na ya fahamu. Uzito unatakiwa ukae kwenye mifupa miwili ya makalio, na kwa wanawake wengi mifupa hiyo imeachana zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo kiti chembamba hakiishiki. Tafuta kipana kiasi chenye uwazi katikati. Pua ya kiti isielekee juu. Urefu nao: ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunja kidogo. Kikiwa juu mno, nyonga zinayumba na ngozi inasuguliwa. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Na inuka kitini kila baada ya dakika chache. Ganzi ikiendelea hata baada ya kushuka, au ukiona kidonda, kamwone daktari.

La kizazi halina msingi. Kuendesha baiskeli kwa kawaida hakumharibii mwanamke kizazi.

Msoma Kale
Hayo maneno ya kutisha ni ya zamani sana. Miaka ya 1890 huko Uingereza na Marekani kulikuwa na madaktari waliowaonya wanawake kwamba baiskeli itawakunja uso ubaki hivyo. Frances Willard, mwanaharakati wa Marekani, alijifunza kuendesha akiwa na miaka 53, nguo ndefu na yote.

Na ukiambiwa umri umepita, mtaje Annemiek van Vleuten wa Uholanzi: aliposhinda Tour de France Femmes, mbio kubwa za baiskeli za wanawake, mwaka 2022 alikuwa na miaka 39. Mimi nampenda zaidi Beryl Burton wa Uingereza. Mwaka 1967, akiwa tayari ni mama, aliendesha kwa muda wa saa 12 akapita maili 277, karibu kilomita 446. Siku hiyo aliwapita hata wanaume, na rekodi yao pia akaivunja.

Kimya Kimya
Nimekuwa nasoma tu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Sijui kabisa kuendesha, na nina miaka 38. Mtu kama mimi ana nafasi kwenye kundi kama hilo?

Bibi Gurudumu
Una nafasi ya mbele, mwanangu. Toa pedeli zote mbili. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande unaofungia nati za kawaida, usije ukailazimisha. Shusha kiti mpaka nyayo zote zikanyage chini. Tafuta mteremko mdogo sana, jisukume kwa miguu, tazama mbali, si gurudumu. Ukiweza kuinua miguu na kuserereka bila kuyumba, rudisha pedeli. Mizani huja kwanza, kukanyaga ni rahisi.

Kaza Buti
Bibi, hiyo ya kushuka kumfuata wa mwisho naipeleka kwenye kundi langu. Bado nasema mama Pacha asiwakimbie wenye kasi moja kwa moja, atafika siku atataka kukimbia. Lakini aanze na kundi lake la wanawake.

Mama Pacha
Nimesoma kila neno, asanteni sana. Kiti nimekishusha leo, nimeona tofauti. Nitaanza Jumamosi saa 12 asubuhi, kila wiki, awepo mtu asiwepo. Kimya Kimya, nimekuandikia pembeni, tukiwa karibu nitakufundisha mwenyewe. Bibi, safari ya kwanza iwe ya urefu gani?

Bibi Gurudumu
Kilomita 10, tambarare, barabara isiyo na malori. Msipite karibu na milango ya magari yaliyoegeshwa, acheni nafasi ya mlango kufunguka. Na kagua pampu yako kabla: midomo ya tyubu haifanani, kuna mnene na mwembamba, hakikisha inaingia kwenye tyubu zenu.