Reli ya Marekani: mitaji ya watu au mkono wa serikali?

Kipara wa Temeke: Kila tukigusa reli humu, mtu anaibuka: "Angalieni Marekani, serikali ilikaa pembeni, matajiri wakapiga kazi." Nani kawadanganya? Rais Lincoln alisaini sheria ya reli ya kufika Pasifiki mwaka 1862. Makampuni ya reli ya Union Pacific na Central Pacific wakapewa ardhi kando ya njia, juu yake mkopo wa hati fungani za serikali: dola 16,000 kwa maili tambarare, 48,000 milimani. Hapo pembeni ni wapi?

Mtaji Kwanza: Mkopo si sadaka, na ulilipwa. Serikali haijawahi kubuni hata skrubu. Mvumbuzi Westinghouse alisajili breki ya hewa ya treni 1869 akiwa na miaka 22, wizara hana. Hata saa za Wamarekani zilipangwa na makampuni ya reli, bunge limelala. Sisi tunapangiwa kila kitu na harusini bado tunafika saa tatu nyuma.

Bi Mkubwa Tanga: Harusi zimekukosea nini? Kabla ya Novemba 18, 1883 kila mji kule ulikuwa na adhuhuri yake, jua likifika utosini. Wenye reli wakaikata nchi mapande, bunge likaja kulibariki 1918. Sisi saa moja ni jua limechomoza, kwisha. Nani kachelewa hapo?

Mtaji Kwanza: Saa yako hiyo haiendeshi treni, mama.

Dogo Mbagala: 😂 Mjomba tiketi ya basi iliandikwa 06:00. Akaja saa sita mchana, kabeba na maandazi ya njiani.

Bi Mkubwa Tanga: Kosa la aliyeandika tiketi!

Kipara wa Temeke: Jamani, mada. Hizo 48,000 za milimani mnajua zilivyoliwa? Mtaalamu wa miamba wa jimbo la California alitamka kuwa milima ya Sierra inaanzia Arcade Creek, maili 7 tu kutoka Sacramento. Pale ni sinia tupu! Lincoln akapitisha.

Mtaji Kwanza: Si ndiyo serikali hiyo? Imeuziwa mlima haijashtuka.

Fundi Spana: Mnagombea nani alilipa, aliyeumia hamumtaji. Mabehewa yalikuwa yanaungwa kwa pete na pini. Mtu anasimama katikati, treni inamrudia, anaielekeza pete kwa mkono kisha anadumbukiza pini. Akichelewa kutoa mkono, vidole vimebaki pale. Mvumbuzi Janney alisajili kiungo kinachojifunga chenyewe 1873. Matajiri wakapiga hesabu, wakaona ghali. Ikasubiriwa sheria ya 1893 iwalazimishe. Miaka 20, Mtaji. Breki yako ya hewa nayo imo kwenye sheria hiyohiyo.

Kipara wa Temeke: Mtaji, umesikia?

Mtaji Kwanza: Fundi namheshimu, nitarudi kwake. Kwanza Bi Mkubwa anijibu: kadi ya harusi iandikwe saa ya nani?

Bi Mkubwa Tanga: Iandikwe "baada ya isha". Pilau ukiikuta imekwisha, usimtafute Westinghouse.