Naomba ushauri: niache hesabu ya daladala nikaajiriwe mwendokasi?

Ndugu zangu, nina miaka tisa nikiendesha daladala Dar es Salaam bila mkataba, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Kila usiku ninamkabidhi tajiri mwenye gari hesabu yake, yaani kiasi alichonipangia kwa siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho ninachogawana na kondakta. Juzi foleni ilitushika Ubungo hadi magharibi, tukabaki na shilingi 4,000. Riziki ya dereva haipaswi kutegemea foleni. Sasa nimepata nafasi kwenye mabasi ya mwendokasi, kwa mshahara wa mwezi na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ila mkataba ni wa mwaka mmoja. Mwenye uzoefu anishauri: mkataba huo usipoongezwa, dereva hulipwa stahiki zipi?