Ushauri: Kufunga geji ya presha ya turbo kwenye Land Cruiser 80 ya dizeli, Bukavu

Mkaaji wa Nguba

Wandugu, nawasalimu wote. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1996, injini ya dizeli 1HD-FT ya lita 4.2 yenye turbo, ambayo familia yetu huitumia kati ya Bukavu na Uvira. Tangu kiangazi kianze, gari limekuwa zito kwenye milima, hasa tunaporudi kutoka Kamanyola na kuanza kuupanda Ngomo. Mahali ambapo zamani lilipanda kwa gia ya tatu, sasa inabidi nirudi ya pili. Moshi mweusi hautoki kuliko kawaida, maji hayachemki, na oili haipungui.

Fundi wangu, ambaye namheshimu kwa kazi yake ya muda mrefu, anasema kwamba turbo imelegea na kwamba dawa ni kufupisha chuma kinachovuta westigeti, yaani ile vali ya pembeni ya turbo inayoachia moshi wa ekzosi upite bila kuzungusha panga lake, yaani gurudumu la ndani ya turbo, ili presha ipande. Mimi sipendi kuongeza kitu ambacho hakijapimwa, kwa sababu injini hii nikiiharibu sitapata nyingine kwa urahisi. Nimeamua kufunga geji kwanza. Naomba mnieleze ninunue geji ya aina gani, niunge wapi mpira wake, na namba ipi ni ya kawaida kwa gari linaloishi kwenye mwinuko kama huu wetu.

Fundi wa Kadutu

Ndugu, umeamua vizuri. Kufupisha kile chuma kabla ya kujua presha iliyopo ni kutibu homa bila kupima damu.

Kwa dizeli ya zamani kama yako, chukua geji ya kimakanika, ile inayopokea hewa yenyewe kupitia mpira mwembamba na kusukuma mshale bila umeme. Inayoanza sifuri hadi bar 2 (bar ni kipimo cha presha) inatosha. Zile zenye sehemu ya chini ya sifuri zimekusudiwa zaidi injini za petroli, ambazo zina kipepeo cha kuziba hewa na kwa hiyo hufanya uvutano mkubwa kwenye manifoldi dereva anapoachia mafuta. Injini yako haina uvutano wa namna hiyo, na nusu ya uso wa geji itakaa bure.

Mahali pa kuunga ndipo penye kazi. Kwenye 1HD-FT kuna mpira mdogo unaotoka kwenye manifoldi ya hewa na kwenda juu ya pampu ya nozeli, yaani ile inayosukuma dizeli kwenye injini, penye kifuniko cha mviringo. Ndani yake mna kiwambo kinachosukumwa na presha ya turbo ili pampu iongeze dizeli kadiri hewa inavyoongezeka. Ukate mpira huo katikati, uweke kiungo cha T, na tawi la tatu liende kwenye geji. Kila mdomo wa T uwe na klampu, hata kama mpira unaonekana umebana wenyewe, kwa sababu hewa ikivuja hapo geji itasoma chini na pampu nayo itadanganywa, itoe dizeli kidogo, na gari litakuwa zito kuliko lilivyo sasa. Mtu akikushauri atoboe manifoldi ikiwa juu ya injini, mkatalie kabisa, maana unga wa chuma utaingia kwenye silinda. Usiunge pia kwenye mpira wa breki.

Mpira wa geji uupitishe mbali na ekzosi na nyumba ya turbo, kwa kuwa ule wa plastiki huyeyuka hata bila kugusa chuma chenyewe. Kuingia ndani ya kabini, tumia raba iliyokwishakuwepo mahali waya zinapopita, na uache mpira ulegee kidogo upande wa injini, kwa sababu injini hutikisika na mpira uliovutwa huchomoka siku moja ukiwa njiani.

Dereva wa Kasumbalesa

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Nakubaliana na fundi kuhusu mahali pa kuunga, lakini mimi napendelea geji ya umeme. Sensa inabaki chini ya boneti na ni waya tu zinazoingia ndani, kwa hiyo hakuna mpira mrefu wa kupasuka. Ukichagua hiyo, umeme wake uchukue kwenye saketi inayowaka ukifungua swichi, uweke fyuzi ndogo karibu na chanzo, na usiguse kamwe waya wenye ganda la njano, kwa sababu kwenye Toyota huo ni wa mifuko ya hewa. Kabla ya yote pima volti kwa multimita: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili na stata ya volti 24 ilhali vifaa vingine vyote ni vya volti 12, na geji ikiunganishwa upande usio wake itaungua hapo hapo.

Baraka wa Muhumba

Kaka, mimi namuunga mkono fundi wako wa kwanza. Bukavu iko juu, hewa ni nyembamba, kwa hiyo turbo lazima itoe presha ndogo kuliko ile iliyoandikwa na kiwanda. Geji itakuonyesha namba ya chini hata kama kila kitu ni kizima. Kukaza westigeti ni kurudisha tu kile ambacho mwinuko umekuondolea.

Mwalimu wa Panzi

Ndugu Baraka, hoja yako ina ukweli nusu, na nusu nyingine inaweza kuvunja turbo ya mwenzetu. Niruhusuni nieleze kwa utaratibu kidogo.

Geji ya kawaida haipimi hewa yote iliyomo kwenye manifoldi. Inapima tofauti kati ya hewa hiyo na hewa iliyotuzunguka. Kwenye usawa wa bahari hewa inayotuzunguka ina takriban bar 1.01. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460, na mitaa yetu iko juu zaidi, kwa hiyo hapa tunaishi ndani ya bar 0.85 hivi. Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 au karibu na hapo, hewa inafika bar 0.92. Ukizima injini, geji itasoma sifuri Bukavu, sifuri Uvira na sifuri Mombasa, ingawa hewa si ileile.

Westigeti ya injini hii nayo inafanya kazi kwa tofauti hiyohiyo. Upande mmoja wa kiwambo chake kuna presha ya turbo, na upande wa pili kuna springi pamoja na hewa ya nje, kwa hiyo inafunguka kwenye namba ileile ya geji popote ulipo. Ikiwa kiwanda kiliipanga ifunguke kwenye bar 0.65, basi turbo nzima inapaswa kuonyesha takriban 0.65 Uvira na takriban 0.65 hapa. Ikionyesha 0.4, mwinuko si sababu.

Nusu ya ukweli ya ndugu Baraka ni hii: jumla ya hewa inayoingia kwenye silinda kweli inapungua. Kwenye usawa wa bahari ni 1.01 na 0.65, yaani 1.66, hapa ni 0.85 na 0.65, yaani 1.50. Tumepoteza karibu asilimia 10, na dereva mzoefu atausikia upungufu huo, ingawa injini isiyo na turbo imepoteza asilimia 16. Lakini tazameni kazi inayofanywa na turbo yenyewe. Kule chini inaizidisha hewa mara 1.64, hapa inaizidisha mara 1.76 ili kufikia namba ileile ya geji, na kwa hiyo panga linazunguka kwa kasi zaidi. Tayari turbo ya Bukavu inafanya kazi kubwa kuliko ya Mombasa. Kukaza westigeti ni kuiongezea mzigo juu ya mzigo.

Mama Neema wa Goma

Asante sana, Mwalimu. Niongeze neno kwa wenye magari mapya yenye kompyuta, wanaosoma presha kwa programu ya simu. Sensa ya magari hayo hupima hewa yote, si tofauti. Washa swichi bila kuwasha injini: huku kwetu utaona takriban kilopaskali 85, yaani bar 0.85, na hiyo ndiyo ya kupunguza kwenye usomaji ili upate presha ya turbo. Baadhi ya programu hupunguza 101, yaani hewa ya usawa wa bahari, bila kukuuliza, na matokeo yake simu inaonyesha presha hasi injini ikiwa imezimwa. Land Cruiser ya kaka haina mambo hayo, ila wapo wengine wanaosoma hapa.

Mkaaji wa Nguba

Nawashukuru wote. Nimefunga geji ya kimakanika kwa kufuata maelezo ya Fundi wa Kadutu, T kwenye mpira wa pampu, klampu tatu, na mpira umepita kwenye raba ya waya. Geji nimeiweka pembeni mwa dashibodi ambapo naiona bila kuinamisha kichwa.

Gari likisimama, hata nikikanyaga mafuta, mshale unatingishika tu karibu na sifuri. Kwenye kupanda, gia ya tatu, mafuta yote chini, kwenye mizunguko 2,500 hivi, unafika 0.4 na kubaki hapo. Moshi ni ule ule, haujawa mweusi.

Fundi wa Kadutu

Mshale kutopanda gari likiwa limesimama usikutishe. Turbo inaendeshwa na moshi wa ekzosi, na injini isiyo na mzigo haitoi moshi wa kutosha kuizungusha. Namba ya kuamini ni ile ya mlimani.

Sasa unganisha mambo mawili: presha ni ndogo na moshi mweusi haupo. Kama mpira mkubwa kati ya turbo na manifoldi ungekuwa umepasuka, au panga limekwisha, dizeli kwa kawaida ingezidi hewa na ungeona moshi mweusi nyuma yako. Presha ndogo bila moshi huashiria kwamba dizeli yenyewe ni kidogo, kwa sababu dizeli kidogo hutoa joto kidogo, na joto kidogo halizungushi turbo. Kwa hiyo anza na chujio la dizeli. Kisha ukague ule mpira wa pampu wote, si pale ulipokata tu bali hadi mdomoni kwenye pampu, kwa kuwa ni mpira wa miaka mingi na hukauka kwenye ncha. Mwenzako awashe injini na kuipandisha kidogo, wewe upake povu la sabuni. Lakini uvujaji mdogo hauonekani bila presha, kwa hiyo ni bora uuchomoe kabisa, uzibe upande mmoja, na uusukumie hewa kwa pampu ya baiskeli isiyozidi bar 0.7. Chujio la hewa nalo litazame, kwa vumbi la kiangazi la barabara ile.

Mkaaji wa Nguba

Mpira ulikuwa na ufa upande wa pampu, umejificha chini ya klampu ya zamani; ukiukunja ndipo unafunguka. Nimeweka mpya wa kuvumilia mafuta na joto, pamoja na chujio la dizeli. Leo kwenye kupanda mshale umefika kati ya 0.6 na 0.65 na gia ya tatu imeshika. Westigeti hatujaigusa, na fundi wangu mwenyewe alikuwepo akiitazama geji.

Mwalimu wa Panzi

Hiyo ndiyo namba yake. Utakaposhuka Uvira, panda kipande kile kile cha Ngomo kwa gia ile ile na mafuta yote chini, uandike usomaji wa chini na wa juu ya mlima. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.1, rudi utueleze, tutazame westigeti yenyewe kama inafunga sawasawa.