Otomatiki ya kamera za mfukoni imeniharibia picha za usiku za safari nzima

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Juzi nimerudi safarini, safari niliyomwahidi mama kwa miaka mingi, nikakaa mbele ya kompyuta kufungua picha. Za mchana zote nzuri. Za jioni na usiku, zile nilizozisubiri kwa hamu kuliko zote, zimeharibika karibu zote. Si kwamba ni nyeusi, wala si kwamba rangi zimekosekana. Zimetikisika. Taa zimegeuka mistari, na nyuso za watu hazina macho, zina vivuli tu mahali macho yalipokuwa.

Inayoniuma zaidi ni moja. Tulikuwa gatini tunasubiri boti ya mwisho. Mama ameketi chini ya taa, akageuka akacheka kile kicheko chake ambacho hakitoki akijua anapigwa picha. Nikabonyeza. Kwenye kioo cha kamera nikaiona, nikaridhika, nikaizima nikairudisha mfukoni. Nyumbani, kwenye skrini kubwa, mama hana uso. Nikafungua taarifa za picha: lenzi nilikuwa nimeivuta kidogo ikawa f/4 (upana wa tundu la mwanga, namba ikipanda tundu linabana), ISO 800 (kiasi kamera inavyoukuza mwanga ilioupata), kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/8 ya sekunde.

Moja ya nane! Kwa mkono! Na kamera hii haikuwa gizani kuhusu hali ilivyo. Ina vipima mwendo ndani kwa ajili ya kidhibiti mtikisiko, kwa hiyo ilijua imeshikwa mkononi. Uso wa mtu iliuona, maana iliuzungushia kimraba. Inaweza kupanda hadi ISO 6400, na kwa ISO hiyo mwanga uleule wa gatini ungetosha kwa 1/60. Picha ingekuwa na chenga, yale madoadoa ya ISO kubwa, nakubali, chenga za kutosha. Lakini mama angekuwa na uso.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na naomba msinitoe hapo. Chenga zina tiba. Unaweza kuzipunguza baadaye kwa programu, ukiichapa picha ndogo hazionekani, ukiigeuza nyeusi na nyeupe hata zinapendeza. Mtikisiko wa 1/8 hauna tiba. Kilichofutika kimefutika. Anayetengeneza kamera analijua hili kuliko mimi na wewe, na bado ameipanga otomatiki iogope chenga kuliko mtikisiko. Mimi naamini sababu ni hii: chenga huonekana kwenye picha za majaribio, mtikisiko hauonekani, kwa kuwa kamera ya majaribio imefungwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Sisi tulionunua ndio tunaopiga tukiwa tumesimama kwenye upepo, pumzi juu baada ya kupanda ngazi, begi begani.

Hasira ilizidi nilipogundua kwamba dawa ilikuwemo humohumo. Ndani ya menyu ya ISO, ukurasa wa tatu, kuna kipengele cha kuweka kasi ya chini kabisa ya shata. Ukiweka 1/60, kamera inapandisha ISO kwanza, na inashuka chini ya 1/60 pale tu ISO inapofika kikomo. Ndicho hasa mtu anayetembea usiku anachokihitaji. Lakini hakifanyi kazi kwenye otomatiki kamili, kinafanya kazi kwenye P na A tu, zile hali za gurudumu zinazokuachia baadhi ya maamuzi, na kitabu cha maelekezo kimekipa mstari mmoja. Mstari mmoja! Kugeuza picha ya mtu iwe kama katuni kumepewa kurasa mbili zenye mifano ya rangi.

Tuje kwenye boksi. Limeandikwa f/2 kwa maandishi makubwa. Hiyo f/2 ipo pale lenzi ilipo pana kabisa tu. Ukivuta hadi mwisho unakuta f/5.6, yaani stop tatu chini (kila stop moja ni nusu ya mwanga), mwanga unaoingia umebaki sehemu moja ya nane. Penye 1/60 unajikuta kwenye 1/8, na kibaya zaidi, ukivuta unakuza na tetemeko la mkono wako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni kwamba shata isiwe polepole kuliko moja ya urefu wa lenzi, kwa kipimo kile cha filamu ya milimita 35. Kwa 24 mm unataka walau 1/25, kwa 200 mm unataka 1/200. Kwa hiyo ukivuta usiku unapunguza mwanga mara nane huku ukidai kasi mara nane zaidi. Hakuna mkono wa binadamu utakaoziba pengo hilo. Kuiandika f/5.6 kwa ukubwa uleule wa f/2 kungewagharimu nini?

Nimepiga hesabu ya gatini mara nyingi mno. Ningemsogelea mama nikaiacha lenzi ikiwa pana, kwa f/2 ungeingia mwanga mara nne ya ule wa f/4. Hiyo peke yake inanitoa 1/8 hadi kama 1/30. Nikipandisha ISO kutoka 800 hadi 1600, nipo 1/60. Chenga za ISO 1600 kwa kamera hii si kitu cha kulalamikia. Na bado kuna moja ambayo hakuna aliyewahi kuniambia: kamera haijui kuwa ni usiku. Inapima mandhari ikitaka wastani wake uwe kijivu cha kati, kwa hiyo anga jeusi inalilazimisha liwe kijivu, taa zinaungua zinakuwa mabaka meupe, na shata inalala ili kukusanya mwanga ambao hukuuomba. Ukishusha mwangaza kwa −1, usiku unabaki usiku, taa zinarudisha rangi zake, na kasi ya shata inaongezeka mara mbili bure. Kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kipo nyuma ya kamera yangu, dole gumba linakifikia. Sikukigusa safari nzima.

Halafu hili la "inchi 1". Wengi tumenunua kwa ajili ya neno hilo. Inchi ni milimita 25.4. Kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, na hata ukikipima kona kwa kona hakifiki milimita 16. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni, ambayo ilitajwa kwa upana wake wa nje, wakati sehemu iliyopokea picha ilikuwa ndogo zaidi. Sisemi kihisi hiki ni kibaya. Eneo lake ni kama mara nne ya vile vidogo vya inchi 1/2.3 vilivyojaa kwenye kamera za bei ya chini, na usiku tofauti hiyo unaiona. Nasema waandike milimita, mtu ajue anachobeba.

Kidhibiti mtikisiko nacho wanakitangaza kwa stop nne, na anayesoma anaelewa kwamba penye 1/60 sasa anaweza kupiga 1/4. Kwa jengo la mawe, ndiyo. Nina picha ya ukuta mkongwe niliyoipiga kwa 1/4 nimeegemea nguzo, unaweza kuhesabu nyufa zake. Kwa mtu anayecheka, hapana. Kifaa kile kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtu aliye mbele yako. Mtu akiongea tu unahitaji kama 1/60, akitembea 1/125 ndiyo salama. Sentensi hiyo moja haipo kwenye boksi wala kitabuni.

Kuna na picha za ndani ya ukumbi mmoja wa ibada. Kwa heshima ya waliokuwemo niliwasha ile hali ya kimya. Zote zimetoka na michirizi ya giza na mwanga kutoka upande hadi upande. Nilidhani kihisi kimekufa. Kumbe hali ya kimya hutumia shata ya kielektroniki inayosoma picha mstari kwa mstari, na taa nyingi za umeme hupepesa mara 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wa mahali. Kila mstari umedaka taa ikiwa katika hali tofauti. Na lililoniudhi ni kwamba shata ya kawaida ya kamera kama hii, iliyo ndani ya lenzi, karibu haisikiki. Kelele zote zilikuwa ni ule mlio wa bandia wa spika, ambao ningeuzima tu.

Flashi sitaiongelea sana. Mtu aliye mita 4 anapata robo ya mwanga anaoupata aliye mita 2, kwa hiyo unapata uso mweupe mbele ya shimo jeusi. Izimeni.

Sasa najua majibu yanayokuja. Wa kwanza ataniambia nibebe stendi. Mkuu, sehemu nyingi za makumbusho na ibada haziruhusu stendi, na kama ningetaka kubeba chuma nisingenunua kamera ya mfukoni. Wa pili ataniambia simu inafanya vizuri zaidi. Hilo ndilo linalonikera! Simu kwa kawaida ina kihisi kidogo kuliko hiki, lakini usiku inapiga fremu kadhaa mfululizo, inazipanga, inaziunganisha, bila kukuuliza. Fremu nne zikiunganishwa hupunguza chenga kwa nusu. Kamera yangu inaweza kufanya jambo hilohilo, nimelikuta limefichwa kwenye orodha ya mandhari kati ya fataki na theluji. Linatoa JPEG tu (picha iliyokwisha kubanwa) na watu wanaotembea linawavuruga, lakini kwa mitaa na majengo lingeniokolea picha nyingi.

Na wale wa "ungeangalia picha palepale": niliangalia. Gizani macho yamefunguka, kioo cha inchi 3 kinang'aa, kila picha inaonekana safi na angavu. Lazima uikuze hadi jichoni mwa mtu ndipo utaona. Hilo nimelijua nimechelewa.

Jana jioni nimemkalisha mama kando ya taa ya mezani, P, 1/60, −1, viwiko vimebana mbavu, ukanda wa shingoni nimeuvuta ukakaza, nikaachia picha tano mfululizo. Ya kwanza ilitikiswa na kidole, ya tatu na ya nne kali kabisa, kope zinaonekana. Kamera ileile. Nimeizima na kuiwasha, nikageuza gurudumu kurudi otomatiki: 1/8.

Ninachotaka kwenu ni kimoja. Mwenye kamera ya mfukoni ambayo kasi ya chini ya shata inafanya kazi hadi kwenye otomatiki kamili, na inabaki ilivyo hata ukizima, aitaje hapa pamoja na ukurasa wa menyu inapopatikana. Mama ameshaniuliza mara mbili ile picha ya gatini iko wapi, na sijamwonyesha.