MREJESHO: Betri ya Steam Deck yangu ni nzima

Wandugu, wiki mbili zilizopita niliuliza kama nibadilishe betri ya Steam Deck (kile kikompyuta cha mkononi cha kuchezea gemu) niliyonunua mtumba hapa Goma, maana ilikuwa inazima baada ya saa moja na dakika arobaini. Fundi mmoja wa Birere alikuwa ameshanitajia bei, tena kwa dola.

Sikubadilisha kitu. Yule aliyeniambia niwashe kipimo cha wati kwenye skrini, kinachoonyesha umeme unaoliwa, Mungu akubariki. Betri ya toleo langu, lile la skrini ya LCD, ni wati-saa 40. Nikiwasha gemu ya Cyberpunk 2077, kipimo kinasoma wati 24, wakati mwingine 25. Gawanya 40 kwa 24 mwenyewe, ni saa moja na dakika arobaini! Gemu ndiyo inayokula, betri haina kosa. Gemu nyepesi ya Stardew Valley inakula wati 7 au 8 tu, na jana nimeicheza zaidi ya saa tano, umeme ukiwa umekatika Himbi yote (mdogo wangu alikuwa ananinyemelea achajie simu yake, nikamkatalia).

Sasa Cyberpunk nimeifungia fremu (picha) 30 kwa sekunde, chipu nimeiwekea kikomo cha wati 9, mwangaza nao nimeupunguza. Jumla inashuka hadi wati 15 hivi, napata saa mbili na nusu na zaidi. Picha zinakwama kidogo ukiwa katikati ya jiji, sitadanganya, ila feni imenyamaza.

Kushusha kikomo cha chipu hadi wati 5 kama mmoja wenu alivyoshauri, hapana. Ile ilikuwa maonyesho ya slaidi.