Tangawizi yangu inanyauka kila msimu, naombeni ushauri kabla mvua hazijaanza

Mlimawangu: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Same, huku milimani, nalima tangawizi. Majani yanajikunja na kugeuka njano kuanzia chini, ukivuta shina linachomoka lenyewe. Tunguu zimekuwa vidole vyembamba. Duka la pembejeo wamenishauri dawa ya kupulizia, wanasema "inaamsha jeni za mmea". Bei yake imenitoa jasho. Ninunue? Silali.

Kiguu na Njia: Pole mkuu. Mimi nililima Madaba, bei ikaanguka nikahamia mahindi. Shida ya tangawizi ni soko, hayo magonjwa visingizio tu.

Mama Nasra: Mmefyeka miti yote, ardhi haipumziki, halafu mnatafuta dawa ya chupa. Wazee wetu walikuwa wanaacha shamba lilale.

Fundi Maabara: Mlimawangu, hilo shamba umerudia tangawizi mara ngapi? Na mbegu unatoa wapi?

Mlimawangu: Narudia hapo hapo tangu enzi za marehemu baba, na mbegu natoa humo humo. Imeshazoea ardhi yetu. Mmea ukikaa mahali miaka yote si unazoea?

Fundi Maabara: Hauzoei. Tangawizi haizai kwa mbegu za maua, unapanda kipande cha tunguu. Shamba zima jeni, yaani sifa za kurithi, ni zile zile za tangawizi ya mzee wako, na ugonjwa ukipata njia kwa shina moja umepata kwa yote. Kata shina karibu na ardhi, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, utulie uangalie.

Mlimawangu: Nimefanya. Nyuzi nyeupe zimeshuka, maji yamekuwa kama tui jepesi. Ila hizi ndogo ni kali kuliko zamani, wanaonunua kwa ajili ya kikohozi wanazisifia. Si ndiyo dawa bora?

Msomi wa Henan: Nasoma China. Huku kuna mmea wa dawa, dihuang, kitaalamu Rehmannia. Wilaya ya Wen wakishavuna hawarudishi shamba lile lile kwa miaka 8 hadi 10. Ukirudia, mizizi inamwaga tindikali udongoni, ukungu wa Fusarium unaongezeka, bakteria wazuri wanapungua. Jeni zenyewe hazibadiliki, kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi: za kujihami zinawaka, za kunenepesha mzizi zinalala. Unapata nywele za mizizi badala ya mzizi. Ukali unaousikia unaweza kuwa mmea unapigania uhai, ila gunia halijai.

Fundi Maabara: Na kwako ni mnyauko wa bakteria, Ralstonia. Bakteria hao wameziba mirija ya maji ndani ya shina. Hakuna cha kupulizia kitakachouponya. Panda mahindi miaka kadhaa, usiweke nyanya, viazi mviringo wala bilinganya, vyote vinaugua huo huo. Mbegu tafuta shamba lisilo na ugonjwa. Sasa niambie, haraka ya kabla ya mvua ni ya nini?

Mlimawangu: Kuna kikundi cha akina mama kijiji cha pili. Nimepokea nusu ya malipo ya magunia ya mbegu. Ada ya mtoto imeshalipwa. Nitawachagulia zilizo safi kwa macho, na kila mtu huku anauza hivyo hivyo.

Macho Manne: Wadau, hii chai. Jina jipya humu jukwaani, dawa ya ajabu, jaribio limejibu papo hapo. Kesho analeta namba ya duka.

Kiguu na Njia: Chai ya tangawizi, naleta vitumbua 😂

Mlimawangu: Dawa sijaitaja jina na sitaitaja. [picha: glasi, shina, maji meupe] Mnaona?

Fundi Maabara: Macho Manne, nyuzi hutoka ndani ya dakika chache. Picha ni yenyewe.

Mama Nasra: Mimi namwamini. Naweka hazina ya kikundi kama hicho, mkoa mwingine. Mwanangu, mpigie mwenyekiti wao leo, omba urudishe kidogo kidogo. Atafoka, lakini mtaelewana. Mashamba yao yakinyauka mwakani hamtaelewana.

Mlimawangu: Nikiwapa nusu tu, wakapande mbali na mfereji?

Fundi Maabara: Hata kipande kimoja usitoe.

Mlimawangu: Ngoja nimpigie.